Mbawakawa wa Mzee Matano

Mbeyu alikuwa uani kwake Mtongwe, juu ya mbuzi akikuna nazi, Mzee Matano, mwenyekiti wa mtaa, alipopita akichechemea. Mbawakawa mweusi akamtoka gotini, akaruka, akatua kwenye kifuu.

"Shikamoo, mzee. Mguu una nini?"

"Marahaba, mwanangu. Umegeuka mnazi tu," alisema Matano, akapandisha kikoi. Toka goti kushuka chini palikuwa na gogo bovu lenye matundu. "Hospitali wamenituma kwa seremala."

Seremala Dishon aliugonga mguu kwa nyundo, akatega sikio, akasema wadudu wamo na wamekwisha zaa. Akaupaka dawa ya mchwa. Mbawakawa wakapiga chafya, wakaendelea kula.

Haukupita muda mtaa mzima ukajua kwamba mdudu hutoka kila mzee anaposema uongo. Kwenye matanga ya jirani alimsifu marehemu, wakatoka wawili. Siku aliyoomba kura ilibidi watu wafungue madirisha yote. Kura walimpa.

Mbeyu akaona hapa ndipo pa kumshika. Kiwanja alichoachiwa na mumewe, Matano alikuwa amekizungushia mabati, akidai kwamba marehemu alimpa kwa kauli ya mdomo. Mbeyu akamshitaki mbele ya wazee, barazani kwa Mzee Ismail.

"Mzee, mume wangu alikupa kile kiwanja?"

"Wallahi, alinipa."

Goti likanguruma. Mbawakawa walifumka kama moshi wa tanuri, wakatumbukia kwenye vikombe vya kahawa, wakapenya ndani ya kanzu. Mmoja akatua kwenye kipara cha Mzee Ismail. Hakuna aliyeinuka. Mbeyu akatabasamu.

Mzee Ismail alimbandua yule mdudu, akakohoa. "Sote tumeona. Mzee Matano amesema uongo."

"Kabisa," wazee wakaitikia.

"Basi," akasema Mbeyu.

"Basi, mama, kiwanja ni cha Mzee Matano. Msingi keshachimba."

Wakamalizia kahawa, wakitema mbawa.

Nyumba ilisimama, ya ghorofa. Jioni Matano huketi kibarazani, mguu ameunyoosha, na kuku wa Mbeyu hupenya chini ya mabati wakaudonoa. Wamenona mno.

"Mbeyu!" humwita. "Mimi sina kinyongo nawe!"

Mbeyu hujifanya hasikii. Jogoo hufungua mdomo, akangoja.