Miche Sita

Waraka wa serikali kutoka mji mkuu, Montevideo, ulifika posta ya mji mdogo wa Melo siku ya Jumatatu, na Delmira Olivera aliusoma mara tatu akidhani macho yanamchezea. Kuanzia wiki hiyo, mtu anayetaka kupanda bangi nyumbani kwake aje posta na kitambulisho na bili ya umeme, ajaze fomu, agongewe muhuri, kisha akapande miche yake sita bila kubughudhiwa na yeyote. Wa kugonga muhuri ni Delmira, dirisha namba mbili, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini hakupokea kitu cha ajabu kuliko kifurushi cha soseji zilizooza.

"Na waliofungwa zamani je?" alimwuliza mkuu wake.

"Waliofungwa zamani walifungwa zamani," mkuu akajibu, akaenda zake kunywa maji.

Jibu gani hilo jamani! Delmira alirudi dirishani kichwa kikimwanga. Miaka tisa nyuma, mwanawe wa pekee, Wilmar, alikaa jela miezi kumi na mmoja kwa sababu ya miche mitano. Mitano, haikufika hata sita! Alipotoka hakurudi nyumbani. Alikwenda Río Branco kwenye vinu vya kukoboa mpunga, akawa anakuja Krismasi tu, anakula, anaondoka kabla sahani hazijakauka. Alisema hawezi kulala ukuta mmoja na mchongezi. Mchongezi, kwa Wilmar, alikuwa jirani yao Mzee Ulises Techera, fundi viatu, kwa sababu wakili alimwonyesha karatasi ya polisi, na simu ya kuchongea ilikuwa imetoka nyumbani kwa Ulises.

Kweli, simu ilitoka kwa Ulises. Lakini aliyepiga ni Delmira.

Simu yake ilikuwa imekatika siku ile, ndipo akavuka kwenda kwa jirani kuomba. Alitaka polisi wamtishe tu kijana. Waje, wang'oe ile mimea, wampige mkwara, yaishe. Kanisani walisema hivyo, redioni walisema hivyo: mzazi anayempenda mwanawe asinyamaze. Basi hakunyamaza. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya polisi kuna hakimu. Ulises alikuwa amesimama pale pale na kiatu cha mtu mkononi, akasikia kila neno, na tangu siku hiyo hakulitaja kwa mtu. Mji mzima ulimwita mchongezi. Watu waliacha kumpelekea viatu mpaka akafunga kibanda chake. Naye Delmira kila asubuhi alimsalimia akitazama pembeni, akijiambia atasema kesho. Mwoga mkubwa, na alijijua.

Alhamisi saa tano, foleni ikiwa na watu saba, Wilmar alitokea mbele ya kioo. Alikuwa ameanza kupata mvi kandokando ya masikio.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba! Wewe! Umefika lini?"

"Sasa hivi. Nimekuja kujiandikisha." Akaweka kitambulisho chake pale dirishani. "Miche sita, kama serikali inavyotaka."

"Delmira, mpe na stempu alambe!" Bi Zulma akapayuka kutoka nyuma, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Wilmar naye alicheka. Kisha akainama hadi kwenye tundu la kioo, akashusha sauti. "Chumba nilichopanga kule hakina bili yenye jina langu. Nataka niandike nyumba yetu. Kinu cha hapa wamenipa kazi, Mama. Narudi."

"Unarudi kukaa?"

"Kukaa, kula, kukoroma, kukukera. Wewe saini tu hapo chini kwamba naishi kwako."

Miaka tisa Delmira alikuwa akitandika kile kitanda na kukitandua bila kulaliwa na mtu, na leo kinataka saini moja tu. Aliichukua kalamu.

"Na nitaipanda pale pale ukutani," Wilmar akaendelea, sasa kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa foleni ilikuwa upande wake. "Tena ukuta wenyewe nitaupunguza. Yule mzee kila akifungua dirisha aione. Na apige simu tena! Namba ya polisi nitamtafutia mimi mwenyewe."

Watu wakacheka, wawili wakapiga makofi. Kalamu ya Delmira ilisimama. Kama bangi ni mbaya, mbona ameshika muhuri? Kama si mbaya, alimfungisha mwanawe kwa kosa gani? Lile lililokuwa jambo la jela sasa lilikuwa karatasi yenye mistari ya kujaza, na yeye ni yule yule, na kidole chake ni kile kile kilichobonyeza namba. Akisaini na kunyamaza, mtoto anarudi leo. Na Ulises atatukanwa kila asubuhi mpaka afe.

"Wilmar," alisema. "Simu ilikuwa ya Ulises. Aliyepiga ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mama yako. Yetu ilikuwa imekatika."

Bi Zulma alikohoa.

"Miaka tisa," Wilmar alisema. "Umeniacha miaka tisa nimwite yule mzee mbwa, tena mbele za watu?"

"Nilidhani watakutisha tu, mwanangu."

"Walinitisha, Mama. Walinitisha sana."

Delmira hakujua la kufanya, akafanya analolijua. Alisaini, akagonga muhuri, akaipitisha fomu chini ya kioo. Wilmar aliichukua, akaikunja mara nne.

"Haya," alisema, akatoka.

Haya ya sawa, au haya ya aibu? Delmira aliwahudumia watu sita waliobaki akijiuliza hilo, na barua moja ya kwenda Salto akaitupia mfuko wa barua za Rocha.

Saa tisa alifunga dirisha, akaenda nyumbani. Aliwakuta Wilmar na Ulises wamekaa kwenye viti vifupi mlangoni kwa mzee, chupa ya maji ya moto kati yao na kibuyu cha chai chungu na mrija wake kikizunguka. Begi la Wilmar lilikuwa chini, katikati ya milango miwili. Walikuwa wamesemezana nini? Macho ya Ulises yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kila siku, uzee ule.

"Karibu, jirani," Ulises alisema, akamsogezea kigoda.

Wilmar alijaza maji kibuyu, akampa mama yake. Alimpa yeye! Delmira aliufyonza mrija mpaka ukakoroma. Alirudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Asante," alisema. "Asante, mwanangu."

Palepale akauma ulimi. Hata mtoto wa Melo anajua: kibuyu hurudishwa kimya, na mwenye kusema asante ametosheka, hapewi tena. Yeye, mzaliwa wa mtaa ule ule, miaka sitini na mitatu!

Wilmar alijaza, akampa Ulises. Akajaza, akanywa mwenyewe. Zamu ya Delmira ilipofika alijaza tena, na mkono wake ukapita mbele ya magoti ya mama yake ukaenda kwa mzee.

"Nimekosea," Delmira alisema. "Neno limeponyoka tu. Sijatosheka, nipe."

Ulises alishika kibuyu bila kunywa, akamtazama kijana. Wilmar alikuwa akikaza kifuniko cha chupa taratibu. Delmira alimchungulia usoni, akatafuta hasira, akatafuta mzaha, akatafuta chochote.

"Umeshashukuru, Mama," Wilmar alisema. "Kunywa, Mzee Ulises, inapoa."