Kadi Mbili na Sindano ya Mama

Kaka zangu wawili wana akili, hilo silikatai. Tatizo lao ni kwamba kila mmoja anataka akili yake ndiyo ishinde. Mkubwa ni mwalimu, na bima ya serikali anaishabikia kama watu wanavyoshabikia timu ya mpira. Wa pili ni wakala wa bima ya kampuni, mdomo wake mtamu kuliko mshahara wake.

Mama ni fundi cherehani. Mwaka huu mtoto wa jicho alimzidi, akawa anakosa tundu la sindano mara kumi ndipo apate mara moja. Mimi, kitinda mimba ninayekaa naye, nilimwona akishona gauni jeupe la mteja kwa uzi wa kijivu. Asipopasuliwa, cherehani ingegeuka pambo la sebuleni, na mama asiye na kazi mimi simjui.

Alikuwa kwenye kadi ya bima ya Mwalimu, na siku ya upasuaji ilishapangwa. Ndipo Wakala akaja na fomu za kampuni yake, anataka mama ahamie huko. Wakabishana Jumapili baada ya Jumapili, chai ikipoa.

"Huko kwenu mama atapanga foleni mpaka wajukuu waoe," Wakala alisema.

"Na huko kwenu akifika sabini mnamtoa. Umeisoma karatasi ya nyuma, mdogo wangu?"

Mama alikuwa akipapasa upindo wa sketi. "Malizeni basi, wanangu. Jicho linasubiri."

Siku ya upasuaji tulikwenda hospitali wote wanne. Dada wa dirishani akaandika jina la mama kwenye kompyuta, akaliandika tena. "Mama hayumo kwenye kadi hii. Aliondolewa wiki mbili zilizopita."

Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Maneno ya mdogo wangu yaliniingia," akasema. "Nikajua yuko kwake."

Dada akatafuta kwenye kampuni. Huko nako hayumo. Wakala akakohoa. "Ile karatasi ya nyuma niliisoma. Kaka alisema kweli, nikaziondoa fomu."

Yaani walikuwa wameshawishiana, na hakuna aliyetaka mwenzake ajue kwamba ameshindwa. Nilikasirika. Mama alicheka kidogo, kisha akapapasa njia mpaka kwenye benchi, na kule kupapasa ndiko kulikoniuma.

Kumrudisha kwenye kadi ya Mwalimu kulitaka kusubiri miezi mitatu. Mama akatoa hukumu pale pale kwenye benchi la hospitali. "Miezi hiyo mitatu macho yangu ni nyinyi. Kila asubuhi kabla ya kazi mje mnitungie uzi."

Wakaja. Tai shingoni, mmoja analamba ncha ya uzi, mwingine ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, wanabishana nani ana mkono mtulivu. Sindano ishirini, kila moja na rangi yake, wanazichomeka kwenye kimto ndipo wanaondoka. Wateja waliwazoea.

Hatimaye mama akapasuliwa, akaona vizuri. Wiki chache baadaye nilimkuta asubuhi akitunga uzi mara moja tu, bila hata kukunja uso. Nje zikasikika sauti za kaka zangu, wamepita kumjulia hali kabla ya kazi, wameshaanza kubishana. Mama akauchomoa ule uzi taratibu, akailaza sindano mezani.

"Piteni, wanangu," akasema. "Leo hata tundu silioni."