Mafundo Yaliyolala Kushoto

Mwalimu aliiweka redio yake juu ya meza yangu ya kazi, akakunja mikono kifuani, akasema, "Profesa, inakohoa."

Nilicheka. Mtaani wananiita Profesa kwa sababu nafufua redio za zamani, zile za mbao, zenye valvu za kioo zinazowaka ndani. Kwa miaka thelathini na moja hakuna redio iliyotoka mkononi mwangu ikarudi. Si majivuno hayo. Hii aliachiwa na marehemu mama yake, na nilikuwa nimemkabidhi miezi miwili tu iliyopita, mbao zinang'aa, sauti tamu.

"Umeiangusha," nikamwambia.

"Sijaiangusha."

"Basi wajukuu."

"Sina wajukuu mimi, Profesa. Washa usikie mwenyewe."

Nikawasha. Iliimba kidogo, ikakwaruza, ikanyamaza. Nikaigonga ubavuni, ikaimba tena. Nilimwambia arudi Ijumaa, nikamsindikiza hadi nje huku nikimweleza habari za unyevu wa nyumba za siku hizi, habari ambazo hata mimi mwenyewe sikuziamini.

Alipoondoka nilifungua mgongo wa redio, nikaisogeza mlangoni penye jua, nikachukua kioo cha kukuzia. Lehemu nzuri ikishika waya hung'aa na kutulia. Hii ilikuwa ya kijivu, imevimba, imekaa juu ya waya bila kuushika. Sisi tunaiita lehemu baridi, na katika kazi yetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nimewahi kumfukuza mwanafunzi kwa viungo viwili vya namna hiyo. Humu nilihesabu kumi na kimoja.

"Nani kaingiza mkono humu?" nikafoka.

Mke wangu ni fundi wa kushona. Meza yangu iko dirishani, cherehani yake iko karibu na mlango, na tumegawana chumba hicho tangu tuoane. Alisimamisha cherehani. "Kuna nini tena, baba watoto?"

"Kuna mtu kaiharibu redio ya Mwalimu. Hii si kazi yangu."

Lakini mafundo yalikuwa yangu. Mimi hukusanya waya pamoja na kuzifunga kwa uzi uliopakwa nta, fundo moja kila baada ya vidole viwili, mkia wa uzi umelala kulia. Hakuna mwingine anayejisumbua hivyo siku hizi. Nilipitisha kidole gumba: kulia, kulia, kulia. Ndani ya kifuniko kulikuwa na tarehe, kwa penseli, kwa mwandiko wangu. Aliyefunga uzi ndiye aliyelehemu, na aliyefunga ni mimi.

"Labda taa ilikuwa hafifu siku hiyo," mke wangu alisema polepole. "Si unalalamika kila siku kuhusu balbu?"

Kweli nalalamika. Balbu za siku hizi hazina nuru, nimebadilisha tatu mwaka huu. Lakini balbu mbaya haimfanyi fundi kuwa kibarua. Niliogopa, nasema wazi. Kama kazi ile ilikuwa yangu, basi mimi si fundi tena, na kama si fundi, sijui ni nani.

Nikaenda kwenye rafu. Zilikuwapo redio tatu zinazosubiri wenyewe. Niliishusha ile niliyoimaliza juzi, nikaifungua palepale mlangoni. Viungo vilikuwa safi, vidogo, vinang'aa kama macho ya samaki mbichi. Moyo ulitulia, halafu ukaruka tena. Kimoja kati ya viungo vile nilikikumbuka vizuri. Kiko kwenye kona, chini ya valvu kubwa, na juzi sikukiona sawasawa, nikalehemu kwa kukisia na kumwachia Mungu. Sasa kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Nikapitisha kidole gumba kwenye uzi. Kushoto, kushoto, kushoto.

Nikafungua ya pili. Kushoto. Ya tatu, kushoto. Hapo sikuona kichwa wala miguu. Redio mbovu ilikuwa na mafundo yangu, na redio nzuri zilikuwa na mafundo ya mtu nisiyemjua. Nilikaa chini nikajaribu kuyapanga kichwani, yakakataa kupangika.

Jirani yetu ni fundi wa makufuli. Nikatoka hadi kwake, na wateja wake wawili wakiwapo, nikamwambia, "Wewe unaweza kufungua mlango wowote mtaa huu. Unaingia kwangu nikiwa sipo?"

"Nije kuiba nini kwako?"

"Huibi! Unatengeneza!"

Aliweka tupa chini. "Ngoja nielewe, Profesa. Unanishitaki kwamba nimevunja nyumba yako nikakufanyia kazi vizuri?"

Wateja waliangua kicheko. "Na ukimpata mwizi huyo," mmoja akasema, "mlete na kwangu, paa linavuja."

"Halafu nitaingia saa ngapi?" fundi makufuli aliendelea. "Ukimaliza kula mchana unakuja kukaa hapa hapa, unapiga soga mpaka alasiri. Aliyebaki kwako muda huo ni shemeji tu."

Alisema hivyo kwa utani, akarudi kwenye ufunguo wake. Mimi nilisahau hata kuaga.

Mke wangu alikuwa anashona kifungo cha shati. Nilisimama mlangoni nikamtazama mkono. Kwa mkono wa kushoto alivuta uzi, kwa mkono wa kushoto akakaza fundo, na mkia wa uzi ukalala kushoto. Nimelala kitanda kimoja na mkono ule miaka yote hiyo.

"Ni wewe," nikasema.

Hakujifanya haelewi. Aliweka shati magotini. "Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Ile ya daktari wa meno ndiyo ya kwanza. Uliiacha mezani, nikaona viungo, nikaona aibu kwa ajili yako."

"Na hii ya Mwalimu?"

"Wiki ile nilikuwa kwa dada, alipolazwa. Niliporudi ulikuwa umeshamkabidhi."

Nilimwambia amenigeuza kikaragosi, nimejipiga kifua mtaa mzima kwa jasho la mtu mwingine. Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Wewe! Kila mwanafunzi ulimfundisha kwa sauti ya mnada, na mimi nimekaa hapa. Ulidhani nina pamba masikioni?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kila mtu unamwambia kazi yake mbaya, hata wa makufuli, hata seremala. Wewe, nani angethubutu kukuambia?" Akafuta macho kwa shati la mteja. "Na ulikuwa ukirudi unazisikiliza, unafurahi. Nikasema mwache afurahi."

Sikujua kama nilitaka kugombana naye au kumshukuru.

Ijumaa asubuhi niliketi mbele ya redio ya Mwalimu. Nilipasha moto chuma cha lehemu, nikainamia kiungo cha kwanza, nikabana pumzi. Nilifanya kila kitu nilichokuwa nikiwafundisha wanafunzi. Nilipomaliza, niliona kitone kinang'aa, duara, kimetulia. Kwa macho yangu kilikuwa kizuri.

"Mama watoto," nikaita. "Njoo utazame. Usinihurumie."

Alikuja akainama. Alitazama muda mrefu, mrefu kuliko anavyotazama mshono wowote.

"Ni baridi," akasema.

Nilisimama. Kishikio ninachoegeshea chuma cha lehemu kilikuwa kimefungwa kwa skrubu upande wa kulia wa meza, nami sijawahi kukigusa tangu nilipokiweka. Nilipapasa bisibisi, nikazifungua skrubu mbili, nikakihamishia kushoto, nikakikaza. Mke wangu aliketi. Alivuta taa karibu na kuanza na kile kiungo changu.

Nafasi pekee iliyobaki ya kukaa chumbani mle ilikuwa kiti cha cherehani. Nikaenda kukaa hapo, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.