Sahani ya Tatu Langoni

Kiwanda cha taulo kilipofilisika, wanawake wa kushona pindo walibeba viti vyao hadi langoni, wakaketi kufuma na kulinda. Alhamisi saa sita mchana karani wa mahakama angekuja kuitia milango lakiri. Hapo mnunuzi kutoka mji wa Braga angeikuta mitambo yote ndani, na huenda angewarudisha kazini. Ikitoka kabla, kazi imekwenda na maji.

Alhamisi hiyo, saa tano na robo, lori likafika.

"Bosi wenu Valdemar kanituma nichukue vyuma chakavu," alisema dereva, Adelino, mtu wa kusini.

"Mitambo yetu, vyuma chakavu!" Graciete, mkubwa wao, aliweka uzi chini. "Hivi umekula, mwanangu?"

"Kahawa tu, mama."

"Masikini! Deolinda, mpakulie."

Deolinda hakuwa mtu wa maneno. Kwa miaka kumi na tisa kiwandani, wenzake waliijua mishono yake kuliko sauti yake. Alimpakulia chewa wa chumvi na viazi, vikiogelea katika mafuta ya zeituni.

Adelino alikula, kisha kwa adabu ya kwao akaifuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Hakujua kwamba huku kaskazini sahani inayong'aa inaomba kujazwa tena. Deolinda akaijaza.

"Dada, nimeshiba!"

"Kashiba, na sahani kailamba hivyo?" Graciete aliwauliza wenzake. "Au Deolinda hajui kupika?"

"Anajua, mama! Anajua sana."

Akala, na kwa mazoea akaifuta tena. Ya tatu aliimaliza jasho likimtiririka, hata Deolinda akamhurumia. Saa sita kasoro dakika kumi akainuka, akalegeza mkanda.

"Sasa fungueni lango."

Graciete akachungulia barabarani; karani hakuonekana bado. Ndipo Deolinda akasikia sauti, na ilikuwa yake.

"Kaka, nimeamka alfajiri kupika wali wa maziwa. Ukiondoka hujauonja, nitalia."

Haukuwa uongo, macho yalikuwa yamekwisha kulowa. Adelino aliyatazama, akaketi.

Alikuwa kwenye kijiko cha sita karani alipoibandika lakiri ya mwisho.

"Bosi nitamwambia nini mimi?" akalalama.

"Mwambie vyuma vilikuwa vizito," alisema Graciete, na langoni pote wakaangua kicheko.

Deolinda akamnyunyizia mdalasini.

"Kula polepole, kaka. Sasa hatuna haraka."