Wavu Mbichi

Uliwaona. Usigeuze shingo. Ulipita kando ya bwawa, ukawakuta kambale wamejaa juu, midomo wazi, ukasema wanacheza, ukaenda zako.

Mwenye bwawa naye alisema hivyohivyo. Siku tatu kambale wake walisongamana penye bomba la kuingizia maji, naye akazidi kuwatupia chakula. "Walafi hawa!" Kumbe samaki walikuwa wakitafuta pumzi. Chakula kikazama, kikaoza, kikanenepesha minyoo ya tope.

Asubuhi ya nne walielea kumi na mmoja. Akamshika mmoja aliyekuwa bado akitapatapa, akainua kifuniko cha shavu. Matamvua ya kupumulia, yanayotakiwa kuwa mekundu kama damu, yalikuwa yamevimba na kupauka, utadhani nyama ya kusaga iliyosahaulika. Ndipo yakamrudia maneno ya mtaalamu wa mifugo, ambayo mwaka jana aliyasikiliza huku akipiga miayo: kimelea hukaa ndani ya mnyoo wa tope, kikitoka huelea majini, kisha huvamia matamvua. Tope likihama, ugonjwa nao umehama.

"Hodi, dada! Naomba wavu, leo nahamisha vifaranga vya samaki."

Mdogo wake, mwenye bwawa la bondeni, alikuwa ameshanyoosha mkono. Wavu ulining'inia ukutani, mbichi, tope limeshika mafundoni.

Mwaka jana mdogo mtu aliuazima vilevile, na tope lake. Wiki chache baadaye bwawa lake zima likafa, na dada mtu akatamka mbele ya majirani: "Kufuga si kazi ya kila mtu." Mdogo mtu akameza, akaanza upya.

Dada angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Usiuguse."

"He! Wavu siku hizi una mwenyewe?"

"Una ugonjwa. Na mwaka jana ulikuwa nao. Samaki wako niliwaua mimi."

Mdogo wake akamtazama kambale mkononi mwa dada yake, akautazama wavu.

"Mwaka mzima naambiwa mkono wangu una nuksi."

"Nitawaambia wote walionisikia."

"Leo. Na uanze na mjomba. Ndiye aliyecheka mpaka akapaliwa."

Dada akaziba bomba la kuteremshia maji bondeni, akausugua wavu, akautandaza juani, akashika njia ya kwa mjomba.

Na wewe? Wavu wako uko wapi? Usiniambie kesho. Uoshe, uanike ukauke kau, umfuate kila aliyewahi kuuazima umwambie. Jua lingali juu. Nyanyuka!