Trela, Mbwa Wawili na Wifi Yangu

Mume wangu Reino alikuwa fundi rangi wa daraja kubwa la mji wetu wa Astoria, na rangi haipakwi mvua ikinyesha. Ndiyo maana likizo yetu iliangukia Novemba. Wenzetu walikwenda pwani mwezi wa Julai, wakarudi pua zimebabuka kwa jua. Sisi tulikunja makoti ya mvua, tukaifunga trela yetu ya kulala nyuma ya pikapu, tukawapakia mbwa, tukashika barabara ya pwani kuelekea kusini wakati kila mtu keshafunga na kurudi kwake.

Watoto walipokuwa wadogo walinung'unika. "Baba, kila kitu kimefungwa!" Na kweli, maduka ya peremende yalikuwa yamefungwa, na vibanda vya aiskrimu, na yule mzee wa kukodisha baiskeli alikuwa keshaenda kwa bintiye Arizona. Reino akawajibu, "Bahari haijafungwa."

Watoto wakakua, wakaondoka. Tukabaki sisi na mbwa, na hapo ndipo safari ziliponoga. Ufuo mzima ni wetu, maili tatu bila unyayo wa mtu. Mbwa wanakimbia bila kamba, wanawafukuza shakwe wasiowapata, wanarudi na mchanga hadi ndani ya masikio. Jioni kaa wanachemka kwenye jiko la gesi, madirisha yanajaa mvuke, mvua inapiga paa la bati la trela, na ndani kote kunanuka mbwa aliyelowa. Nililalamikia harufu ile miaka ishirini na miwili. Siku hizi kuna asubuhi naamka nikiitafuta.

Reino alifariki mwezi wa Machi, ameketi kitandani anafunga kamba za viatu. Moyo ulisimama tu.

Oktoba upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini, na mbwa wakajua. Nalle, dume jeusi la miaka kumi na miwili, zito kama gunia na lisilosikia tena, akahamia chini ya trela uani. Hakutaka tena kulala ndani. Tilda, mwenye miguu mifupi na sauti ndefu, alisimama kulibwekea turubai lililofunika trela, asubuhi na jioni, mpaka jirani akaniuliza kama kuna mnyama humo. Siku ya nne nikatoka na koti langu nikalivua lile turubai. Nalle akatikisa mkia mara moja tu, kama mtu anayesema, umechelewa lakini haya.

Asubuhi ya kuondoka akatokea Sylvi.

Sylvi ni dada yake Reino. Alimzidi miaka kumi, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Mimi na yeye tulikuwa tumesalimiana vizuri na kupendana kidogo kwa miaka thelathini na minane. Wao ni Wafini wa Astoria tangu enzi za babu zao, mimi ni binti wa wakata magogo wa Coquille, na kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuwahi kunisamehe: kumchukua mdogo wake, na kubania iliki kwenye mkate.

Alisimama mbele ya pikapu na sanduku la kahawia.

"Wifi, unakwenda wapi na sanduku?" nikamuuliza.

"Unakokwenda wewe."

"Wewe hupendi mbwa."

"Hata wewe sikupendi sana, na nimekuja. Fungua mlango, Nadine, nalowa."

Nikafungua. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alisimama na mabega yamepanda juu, vile vile alivyosimama Reino kwenye baridi.

Tulikwenda polepole, maili hamsini kwa siku. Sylvi alishika ramani ingawa barabara ni moja na bahari iko kulia. Pale Newport tulinunua kaa gatini, kwa mvuvi aliyemtambua Nalle kabla hajanitambua mimi, akauliza, "Bwana yuko wapi?" Nilipomwambia, alivua kofia, akaongeza kaa wawili kwenye ndoo.

Ndani ya trela hatukuwa na mahali pa kukwepana. Sylvi alipanga vikombe vyangu upya. Alitandika taulo kwenye kila kiti mbwa alichokalia.

"Nadine, huyu mbwa ananitazama."

"Anatazama mkate ulioushika."

"Basi ana akili. Wa kwako jana hakuutazama."

Siku ya nne tulifika kusini mwa mji wa Yachats, kwenye kambi ndogo ya trela mahali mto unapoingia baharini. Hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Kila mwaka tulikaa mahali pamoja, mwisho kabisa, chini ya msonobari mkubwa, mlango ukitazama bahari. Lakini Merritt, mlinzi wa kambi, alitoka kwenye kibanda chake akaniambia mvua za wiki ile zimeacha dimbwi pale. Akatuweka karibu na lango, penye kokoto. Kambi nzima ilikuwa na sisi peke yetu, lakini sikubisha.

Mchana ule ukungu ukaingia kutoka baharini, mzito, ukafuta miti. Nikajilaza kidogo. Nilipoamka Tilda alikuwa anabweka mlangoni na Sylvi amesimama na kitambaa cha meza mkononi, uso umemshuka.

"Nilifungua tu nikung'ute makombo," akasema. "Akapita hapa miguuni. Nikadhani anakwenda kukojoa."

"Lini?"

"Nusu saa. Nimemwita, haji."

"Hasikii, Sylvi! Ni kiziwi! Miaka yote hii hata hilo hujui?"

"Najua kwamba hasikii, nimemwita kwa nguvu!"

Hapo nikasema neno baya. Nikamwambia hakuwataka mbwa tangu mwanzo, na kama angeweza angewafungia nje pamoja na mimi. Alivaa koti juu ya gauni la ndani, miguuni ana ndara za nyumbani, akatoka.

Mimi nikaenda ufuoni na Tilda. Maji yalikuwa yanajaa. Niliona nyayo za mbwa, kubwa, zikishuka kuelekea majini, na wimbi likaja likazifuta mbele ya macho yangu. Nilikimbia huku na huku nikiita jina la mbwa kiziwi ndani ya ukungu. Kisha nikajikuta siiti Nalle tena, naita Reino. Nilisimama, nikafuta uso. Nilikuwa sijalia tangu mazishi, na sikuwa nimepanga kulia pale, ila hakukuwa na mtu wa kuniona zaidi ya mbwa mdogo.

Tilda ndiye aliyenivuta kutoka pale. Alinipitisha kwenye majani marefu, juu ya kilima cha mchanga, mpaka chini ya msonobari wetu. Nalle alikuwa amelala kando ya dimbwi, tumbo kwenye matope, kichwa juu ya miguu, akitazama mahali pasipo na kitu. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amelala pale pale alipolala kila mwaka, akitazama mahali ambapo mlango wa trela ungekuwa. Alikuwa anangoja ufunguliwe.

Sylvi alikuwa ameketi kwenye matope kando yake, mkono mgongoni mwa mbwa. Ndara moja haipo.

"Hataki kuinuka," akasema. "Nimembembeleza, nimemtukana, hataki."

Nikaketi upande wa pili.

"Reino alikuwa ananipigia simu kutoka hapa," akasema. "Pale kibandani kwa mlinzi. Kila Novemba. Anasema, dada, njoo, kitanda kimoja hakina mtu. Na mimi namwambia sina nafasi."

"Nilidhani anampigia bosi wake."

"Bosi! Alikuwa ananibembeleza mimi. Nafasi nilikuwa nayo, Nadine. Nilikuwa nakaa jikoni nasikiliza redio. Nilisema, akija kunichukua mwenyewe nitakwenda, sitaki kualikwa kwa simu kama mgeni." Akavuta kamasi. "Miaka ishirini na miwili nangoja mtu aje anichukue."

Nikamvua soksi iliyolowa, nikamvalisha glavu yangu ya sufu kwenye vidole vya mguu. Alitazama mguu wake, akacheka huku analia.

Nalle alikuwa na kilo arobaini, hatukuweza kumbeba. Sylvi akasema, "Basi tumletee mlango."

Kurudisha trela nyuma ilikuwa kazi ya Reino. Mimi sikuwahi kujaribu. Nikashika usukani, Sylvi akasimama kwenye dimbwi, maji kwenye vifundo vya miguu, anapunga mikono.

"Kata kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa Mungu! Kata!"

"Naenda kwenye mti?"

"Bado! Sasa ndiyo! Simama, mwanamke wee, simama!"

Tuligonga ukingo wa meza ya kulia chakula, tukang'oa taa moja ya nyuma. Merritt alitoka, akatutazama, akarudi ndani kwa heshima. Mara ya saba trela ikaingia, imeinama upande, mlango ukitazama bahari. Nikashuka nikaufungua. Nalle akanyanyuka kwa shida, mguu mmoja mmoja, akapanda ngazi, akaingia. Alinusa kitanda cha Reino toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaja kwenye kiti cha Sylvi, akapanda na matope yake yote. Sylvi akaitoa taulo, akaitupa sakafuni.

Tulikaa pale siku tisa. Mvua ilinyesha siku saba. Alinifundisha kutwanga iliki badala ya kutia ya kopo, na nikakiri, mbele ya mbwa, kwamba tofauti ipo. Alinisimulia jinsi Reino alivyokuwa mtoto mwoga wa ngazi, yeye ambaye baadaye alining'inia juu ya daraja maisha yake yote. Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo. Na mimi nilimweleza ya miaka yetu ya Novemba, mmoja baada ya mwingine, naye akaniuliza maswali kama mtu anayekusanya vitu vyake alivyoviacha.

Nalle alikufa kiangazi kilichofuata, usingizini. Tilda alimfuata miaka mitatu baadaye. Mbwa tuliye naye sasa ni chaguo la Sylvi mwenyewe, ana jicho moja la bluu, hana adabu kabisa.

Novemba iliyopita Sylvi alikuwa na miaka themanini na miwili. Magoti hayakubali mchanga tena. Nilisimamisha pikapu mahali ufuo unapoonekana, nikamfungulia mlango, nikamfunika blanketi, mbwa akapanda mapajani mwake. Hakukuwa na mtu. Mawimbi yalikuwa makubwa, meupe hadi upeo wa macho.

"Umechoka?" nikamuuliza. "Turudi?"

"Tumefika sasa hivi, wifi," akasema. "Kaa chini."