Somo la Kila Asubuhi

"Nani alikupiga?"

"Bosi."

"Kwa nini?"

"Nilikataa kuwasha msumeno. Kinga yake imevunjika."

"Alikupiga na nini?"

Fundi akainua macho kwenye bati la paa, akatafuta, akakosa. "Na... nyundo?"

"Mguu wa meza, baba. Uliouranda mwenyewe. Sema."

"Mguu wa meza niliouranda mwenyewe."

Mama Pacha akaendelea kumnyoa taratibu, wembe ukizunguka kovu lililoanzia juu ya sikio na kupotelea kisogoni. Beseni la povu lilikuwa miguuni pao. Chai ilikuwa tayari, lakini hakummiminia mpaka arudie yote tangu mwanzo bila kukosea.

Siku ile wenzake wa karakana walimshusha mlangoni wakasema ameteleza. Wote waliona, wote wakauma ulimi; kijana mmoja tu alimnong'oneza Mama Pacha yaliyotokea, akamwomba asimtaje. Zahanati walimshona, wakampa vidonge vya maumivu, wakasema akalale. Akalale! Mtu anatapika, anamwita mkewe dada, eti akalale. Mama Pacha akamkimbiza hospitali kubwa. Huko wakataka kwanza barua ya polisi. Akakimbilia kituoni. Askari wa zamu, kijiti mdomoni, akataka kwanza aliyeumizwa aje aeleze mwenyewe.

"Hawezi kusema, afande. Hajitambui."

"Basi akijitambua, mlete."

Wakampiga danadana hivyo hivyo, hospitali, kituo, hospitali, huku damu ikivilia ndani ya fuvu. Walipokuja kumpasua, daktari alivua glavu akasema, "Dada, angewahishwa kidogo tu." Mama Pacha akageuka, akaondoka. Angefungua mdomo, angemtafuna.

Aliyerudi nyumbani alikuwa mtu mwingine: mpole, mcheshi, anayesahau kikombe kikiwa mkononi mwake. Bosi alipokuja kutoa pole na mfuko wa machungwa, Fundi alimkumbatia kwa furaha. Mama Pacha aliyatupa yale machungwa jalalani, moja moja, kwa nguvu zake zote. Pole ya nini? Yeye alitaka kumwona yule mtu na pingu mikononi, mbele za watu, akiona aibu.

Mwanasheria wa msaada wa bure, binti mwenye sauti ya chini, alimwambia ukweli. "Kesi ipo, mama. Lakini wenzake wamekataa kuja. Amebaki mumeo tu. Anakumbuka?"

"Anakumbuka," alisema Mama Pacha bila kupepesa macho.

Kesho yake somo likaanza.

Mahakamani Fundi alisimama na shati lililopigwa pasi, akajibu yote. Nani, kwa nini, na nini. Hakubabaika hata mahali pamoja. Mama Pacha alikuwa akisogeza midomo pamoja naye, na kwa mara ya kwanza akamwona Bosi akijifuta jasho. Alifurahi, tena sana. Jasho lile alilisubiri.

Kisha wakili wa Bosi akainuka, mtu laini wa maneno.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo kabisa!"

"Umejibu vizuri mno. Hongera. Ulijizoeza?"

"Kila asubuhi," alisema Fundi, kifua mbele.

"Ahaa. Na nani anakufundisha?"

"Mama Pacha, mke wangu. Nikikosea sipewi chai."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata karani alicheka.

"Na yule aliyekaa pale, unamjua?"

Uso wa Fundi ukachanua. "Si Bosi wangu huyo! Shikamoo, Bosi!"

Wakili alimgeukia hakimu, akainamisha kichwa kwa huzuni ya kuigiza. "Mheshimiwa, huyu hana akili timamu. Mtu wa hali hii hawajibiki kisheria kwa analolisema wala analolitenda."

Hakimu alikubali. Kesi ikafutwa, na Mama Pacha akaonywa vikali kwamba kumfundisha shahidi uongo ni kosa. Uongo! Akamshika mumewe mkono, akamtoa nje.

Nje, ngazini, Bosi aliwafuata. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Fundi, palepale penye kovu, akapapasa. Fundi akainama kidogo ili apapaswe vizuri.

"Shemeji, mimi sina kinyongo," Bosi alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mlete karakanani. Atakuwa anafagia, ananishikia vifaa. Ni mtu wetu huyu."

Binti mwanasheria alimvuta Mama Pacha mkono. "Usikubali, mama. Tutakata rufaa."

Mama Pacha alikuwa akiutazama ule mkono. Masikioni mwake yalizunguka maneno ya wakili: hawajibiki kwa analolitenda. Akatabasamu.

"Atakuja, Bosi. Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Asubuhi iliyofuata, beseni miguuni, wembe mkononi.

"Nani alikupiga?"

"Bosi."

"Alikupiga na nini?"

"Mguu wa meza niliouranda mwenyewe." Safari hii hakuangalia hata bati.

Mama Pacha akammiminia chai kabla hajamaliza kumnyoa. Kisha akainama, akavuta mfuko wa vifaa uliokuwa uvunguni tangu siku ile, akatoa nyundo. Akaipangusa vumbi kwa kanga yake. Akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akamkunja vidole mpaka vikashika.

"Leo tuna somo jipya, baba. Bosi akiinama kupima ubao, wewe uko nyuma yake, unafanya nini?"

Fundi akaitazama nyundo, akamtazama mkewe, akacheka kicheko chake kile kipya, cha kitoto.

"Sijui," alisema. "Nifundishe."